Elektropopu: Hamna Hamna Ndimo Mlimo

Mwezi Mei 1982, tawi la katikati ya London la Musicians' Union, chama cha wanamuziki wa Uingereza, lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Waimbaji wenye majina makubwa walikuwa wameanza kuzunguka na vinanda vya umeme badala ya okestra, na wapiga fidla na tarumbeta waliona riziki yao ikiota mbawa. Azimio halikufika popote. Lilipopitishwa, "The Model" wa kundi la Kijerumani la Kraftwerk ulikuwa umeshakaa namba moja Uingereza mwezi Februari, na ilipofika Julai "Don't You Want Me" wa The Human League ukashika namba moja Marekani. Nyimbo zote mbili zimejengwa kwa mashine.

Hofu ya kukosa kazi ilikuwa ya haki, na sina neno dhidi yake. Walichokosea wanachama wale ni kudhani kwamba mashine ilikuja kuiga fidla. Vijana waliokuwa wakitengeneza muziki huu hawakuihitaji fidla. Walitaka sauti ambazo hazijawahi kutoka kwenye chombo chochote, na hata hizo walikuwa nazo chache mno. Ninaamini uchache huo ndio ulioizaa elektropopu na ndio ulioiweka hai kwa karibu nusu karne, na kila mara wasanii walipousahau muziki huu ulidhoofika hata kama mauzo yalipanda. Wahenga walisema hamna hamna ndimo mlimo, na sijui aina nyingine ya muziki inayoithibitisha kauli hiyo kwa uwazi kama hii.

Kwanza mipaka. Elektropopu ni wimbo wa popu, wenye beti, kiitikio na mwimbaji, ambao mwili wake wote au sehemu yake kubwa umetengenezwa kwa sintesaiza na mashine ya ngoma. Tekno na hausi nazo hutoka kwenye mashine zile zile, lakini zimekusudiwa ukumbi wa dansi: kipande kinaweza kwenda dakika kumi bila ubeti wala mtu wa kuimba, kisha DJ akakiunganisha na kingine. Elektropopu inataka ikueleze jambo ndani ya dakika tatu au nne, na uondoke ukiliimba. Kuhusu tofauti yake na sintipopu, wapo wanaojaza kurasa. Wengi hulitumia jina la sintipopu kwa wimbi la Uingereza la miaka ya themanini, na elektropopu kwa sauti kavu na ngumu zaidi, hasa zilizokuja baada ya mwaka 2000. Mstari wenyewe ni mwembamba na sitakaa juu yake.

Ili kuuelewa uchache ninaouzungumzia, inabidi tuingie ndani ya mashine. Sintesaiza ya miaka ya sabini ilianza na sakiti inayoufanya umeme utetemeke. Ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, unasikia ile noti ambayo okestra nyingi hulinganishia vyombo vyao. Umbo la mtetemo ndilo linaloamua rangi ya sauti. Umbo la msumeno hutoa sauti kali iliyojaa, umbo la mraba hutoa sauti yenye uwazi ndani yake, karibu na klarineti. Kisha sauti hupita kwenye kichujio kinachokata masafa ya juu: ukikifungua taratibu inang'aa, ukikifunga inazama. Mwisho kuna vidhibiti vinne vinavyopanga sauti ianze ghafla au polepole, ishuke kwa kasi gani, ibaki kwa kiwango gani wakati kidole kimeshika kitufe, na ichukue muda gani kufa baada ya kidole kuondoka. Vidhibiti hivyo vinatosha kutenganisha besi inayogonga kifua na wingu la sauti linalotanda nyuma ya mwimbaji, ingawa vyote viwili vimeanza na mtetemo mmoja.

Robert Moog alianza kuunda sintesaiza zake mwaka 1964, zikiwa makabati yaliyosheheni nyaya. Mwaka 1968 Wendy Carlos alizitumia kurekodi muziki wa Bach, mstari mmoja baada ya mwingine, na albamu hiyo ikauzwa kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, ambayo mtu mmoja angeweza kuipandisha jukwaani. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo: Minimoog hutoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza vitufe vitatu, utasikia noti moja. Mpiga gita hucharaza nyuzi sita kwa pamoja na kukijaza chumba, lakini mpiga Minimoog hana nafasi hiyo. Akitaka wimbo wenye mwili lazima aandike mstari wa besi unaojitegemea, aweke juu yake mstari mwingine unaoujibu, pengine na wa tatu, halafu ajue mahali pa kunyamaza. Ndiyo maana elektropopu ya mwanzo ina melodi zisizofutika kichwani. Mtunzi hakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake.

Ralf Hütter na Florian Schneider walianzisha Kraftwerk mjini Düsseldorf mwaka 1970, na studio yao wakaiita Kling Klang. Wimbo mkuu wa albamu yao ya 1974, Autobahn, unachukua upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 22. Ulipokatwa ukabaki dakika tatu na ushei, ukaingia kwenye chati za Marekani na Uingereza mwaka 1975, ukiwa wimbo wa Kijerumani kuhusu kuendesha gari barabarani. Kufikia Trans-Europe Express ya 1977 na The Man-Machine ya 1978 walikuwa wameondoa karibu kila kisicho cha lazima. "The Model" umo katika hiyo ya pili. Una maneno machache kuhusu mwanamitindo anayetazamwa na kutamaniwa, na melodi ambayo mtoto anaweza kuipiga kwa kidole kimoja. Mwaka 1981 ulitolewa tena upande wa pili wa santuri ya wimbo mwingine, ma-DJ wa redio wakaigeuza santuri, na miezi michache baadaye ukafika kileleni. Mwimbaji haonyeshi huzuni wala furaha. Wengi huuita huo ubaridi. Mimi ninasikia mtu anayejizuia, na mtu hajizuii kama hana kinachomsukuma.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua rekodi moja ambamo elektropopu yote imo ndani, ningechagua "I Feel Love" ya 1977. Donna Summer alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi Munich na maprodyuza Giorgio Moroder na Pete Bellotte. Disko ya wakati ule ilikuwa muziki wa okestra, wenye fidla na tarumbeta na wanamuziki wengi chumbani. Wakiwa wanatengeneza albamu iliyosafiri katika enzi mbalimbali za muziki, walihitaji wimbo mmoja wa siku zijazo, wakaamua uundwe kwa sintesaiza kubwa ya Moog. Mashine ile ilikuwa na tabu zake. Haikukaa kwenye noti kwa muda mrefu, kwa hiyo walirekodi kipande kifupi, wakasimama, wakailinganisha upya, wakaendelea. Mstari wa besi ni noti chache zinazojirudia. Uchawi uko kwenye mwangwi: noti inasikika upande mmoja wa spika, na mwangwi wake uliocheleweshwa kidogo unaijaza nafasi iliyobaki kabla ya noti inayofuata, upande wa pili. Hakuna noti iliyoongezwa, lakini sikio linahesabu mara mbili, na mwendo mzima unaanza kukimbia. Ngoma kubwa peke yake ndiyo iliyopigwa na mtu, Keith Forsey, kwa sababu mashine haikutoa kishindo walichokitaka.

Juu ya hayo Summer anaimba kwa sauti nyembamba na laini. Alikulia kwenye uimbaji wa kanisani na angeweza kuipasua hewa kama angetaka. Akachagua kuelea. Hapo ndipo ilipopatikana kanuni ambayo bado inafanya kazi: mashine ishike mapigo bila kuyumba, binadamu ayumbe juu yake. Sauti ya mtu ikiwekwa juu ya kitu kisichotetereka, kila pumzi inasikika, na kila kusitasita kunapata uzito. Kwenye bendi ya watu watano, mwimbaji akichelewa kidogo, mpiga ngoma humfuata bila hata kujua na kosa linamezwa. Mashine haimfuati mtu. Ndiyo maana wanaosema muziki huu hauna roho huwa wanaitafuta roho kwenye kinanda, na huko haikuwahi kuwekwa.

Uingereza ililipata somo hilo kwa njia yake. Gary Numan aliingia studio mwaka 1978 na kundi lake la Tubeway Army kurekodi muziki wa panki, akakuta Minimoog iliyoachwa pale na mtu mwingine. Mwaka uliofuata "Are 'Friends' Electric?" ukakaa namba moja kwa wiki nne. Wimbo huo unapita dakika tano na hauna kiitikio cha kuimbwa. Mahali ambapo kiitikio kingekaa, Numan anazungumza, na sintesaiza inaichukua melodi. Ngoma na gita la besi bado zilipigwa na watu, na kwa sababu hiyo wapo wanaouondoa kwenye hesabu ya elektropopu halisi. Mimi nauweka ndani bila wasiwasi, kwa kuwa ulikifundisha kizazi kizima kwamba mstari wa sintesaiza unaweza kufanya kazi ya mwimbaji mkuu.

Kisa cha The Human League wa Sheffield kinaeleza zaidi. Mwaka 1980 Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliokuwa uti wa mgongo wa muziki wa kundi hilo, waliondoka na kuunda Heaven 17. Philip Oakey akabaki na jina, madeni na ziara iliyokwisha kutangazwa. Akaenda klabu ya usiku mjini humo, akawaona Susan Sulley na Joanne Catherall wakicheza, wasichana waliokuwa bado shuleni, akawaomba wajiunge. Hawakuwa waimbaji wa kazi hiyo. Pamoja na prodyuza Martin Rushent wakatoa albamu ya Dare mwezi Oktoba 1981, wakitumia LM-1 ya Roger Linn, mashine ya ngoma ambayo zilitengenezwa kiasi cha 500 tu na ambayo ndani yake mlikuwa na sauti zilizorekodiwa kutoka ngoma za kweli. Wimbo wa mwisho wa albamu ni "Don't You Want Me". Mwanamume anamkumbusha mwanamke kwamba yeye ndiye aliyemtoa kwenye uhudumu wa baa na kumfanya nyota. Ubeti wa pili mwanamke anachukua kipaza sauti na kusema angefika huko hata bila yeye. Sulley anauimba ubeti huo bila madoido yoyote, wazi na moja kwa moja. Mwimbaji hodari angeutia mapambo na kuuharibu. Oakey mwenyewe hakuupenda, na ndiyo sababu uliwekwa mwisho. Uliuza kuliko kitu chochote walichowahi kutoa.

Basildon, mji mdogo mashariki mwa London, ulitoa Depeche Mode, vijana wanne waliokuwa na sintesaiza ndogo za noti moja. Albamu yao ya kwanza ya 1981 waliirekodi na Daniel Miller, mwanzilishi wa Mute Records, ambaye naye miaka mitatu kabla alikuwa ametoa santuri yake mwenyewe kwa sintesaiza moja ya bei nafuu ya Korg. Mtunzi wao mkuu, Vince Clarke, akaondoka mwaka huo huo na kuungana na Alison Moyet, mwimbaji mwenye sauti nzito ya bluzi kutoka mji ule ule, wakajiita Yazoo. Sikiliza "Only You" wa 1982. Chini kuna noti za sintesaiza zinazopanda na kushuka kwa utaratibu uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake sauti inayobeba majonzi ya mtu mzima. Kama angewekewa bendi kamili ya bluzi, Moyet angekuwa mwimbaji mzuri miongoni mwa wengi. Akiwa peke yake na mashine, hana mfano. Annie Lennox na Dave Stewart wa Eurythmics walifanya jambo la aina hiyo katika chumba kidogo London, juu ya duka la fremu za picha, wakiwa na mkanda wa njia nane tu za kurekodia. "Sweet Dreams" ukafika namba moja Marekani mwaka 1983.

Siwezi kuupita "Smalltown Boy" wa Bronski Beat, uliotoka 1984. Unamzungumzia kijana shoga anayefungasha virago asubuhi na kuuacha mji uliomkataa. Jimmy Somerville anauimba kwa sauti ya juu kabisa inayokaribia kilio, na chini yake besi ya sintesaiza haibadiliki wala haimhurumii. Watu wengi waliosukumwa pembeni mwa jamii waliupenda muziki huu mapema kuliko wengine, na nadhani sababu ni hiyo: uliwapa nafasi ya kusema mambo mazito bila kuhitaji jukwaa la watu kumi wala idhini ya mtu.

Na hadithi hii haikuwa ya Ulaya peke yake. Tokyo, mwaka 1978, Haruomi Hosono, Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi waliunda Yellow Magic Orchestra, kundi lililokuwa na uchangamfu ambao Kraftwerk hawakuutafuta, na lililokuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia TR-808, mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland. Enugu, Nigeria, William Onyeabor alirekodi kati ya 1977 na 1985 albamu kadhaa za sintesaiza na mashine za ngoma, nyimbo ndefu zenye mdundo unaokwenda kwa utulivu, kabla ya kuuacha muziki na kumgeukia Mungu. Masikio ya nchi nyingine yalimgundua kwa upana mwaka 2013 tu, mkusanyo wa kazi zake ulipotolewa Marekani.

Halafu vikwazo vikaanza kuondoka. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, sintesaiza ya kampuni ya Sequential iliunganishwa kwa waya na ya Roland, moja ikipigwa na nyingine ikiitika. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa MIDI, lugha ya pamoja ya mashine iliyosukumwa na Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, ambao hawakutoza kampuni nyingine ada ya kuitumia. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi. Mwaka huo huo wa 1983 Yamaha ikatoa DX7, iliyotumia njia mpya ya kuunda sauti iliyovumbuliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ilipiga noti 16 kwa pamoja. Ila kuitengenezea sauti yako mwenyewe kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, kupitia kioo kidogo na vitufe visivyo na maelezo ya kutosha, hivyo wengi wakatumia sauti 32 zilizotoka nazo kiwandani. Ukisikiliza nyimbo za polepole za miaka ile utakutana na piano ile ile ya umeme tena na tena, kwa wasanii ambao hawakuwahi hata kukutana.

MIDI ni zawadi kubwa, na bila hiyo nusu ya muziki wa leo usingekuwepo. Lakini ilikuja pamoja na ushawishi wa kujaza kila pembe. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini nyimbo nyingi za sintesaiza zilikuwa na tabaka juu ya tabaka, na hapakuwa tena na nafasi ambamo mwimbaji angeweza kusitasita. Walionusurika ni wale waliojiwekea mipaka. Pet Shop Boys walifika kileleni na "West End Girls", ambao Neil Tennant nusu anauimba na nusu anausema, hapandishi sauti hata mara moja. Depeche Mode, wakiwa wamekua na kupata vifaa vyote walivyotaka, walitoa "Enjoy the Silence" mwaka 1990, na kinachokumbukwa na kila mtu ni mstari mwembamba wa noti moja moja za gita. Miaka ya tisini magita yakatawala chati za Uingereza na Marekani, mashine zikakimbilia kumbi za dansi, na kwa popu ya sintesaiza ulikuwa wakati wa kiangazi.

Kilichoirudisha kwa kishindo ni kitu kilichotengenezwa kwa kusudi jingine kabisa. Andy Hildebrand alitoa programu ya Auto-Tune mwaka 1997 ili kunyoosha noti zilizopotoka bila msikilizaji kujua. Maprodyuza wa "Believe" ya Cher, mwaka 1998, waliigeuza: waliiamuru inyooshe papo hapo, bila kuipa sauti muda wa kuteleza kutoka noti hadi noti, na sauti ikawa inaruka. Vokoda, kifaa kinachoivisha sauti ya mtu sauti ya mashine, ilikuwepo tangu miaka ya thelathini, ilipobuniwa na Homer Dudley wa Bell Labs, na Kraftwerk waliitumia sana, lakini hiyo humgeuza mtu kuwa roboti mzima. Hii ilimwacha Cher akiwa Cher, huku vipande vya sauti yake vikiwa si vyake tena. Kanuni ya Donna Summer ikapinduliwa, kwa kuwa sasa hata kuyumba kwa binadamu kungeweza kuondolewa.

Sikubaliani na wanaoichukia Auto-Tune kwa jumla. Wimbo wa Cher unamhusu mtu aliyeachwa anayejilazimisha kusimama, na sauti inayovunjika na kuunganishwa upya inaendana na jambo hilo. Tatizo lilikuja pale mbinu ilipokuwa mazoea. Kati ya mwaka 2009 na 2012 hivi, chati zilijaa nyimbo ambazo kila sauti ilinyooshwa na kila kitu kilisukumwa kwa nguvu ya juu kabisa, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Lady Gaga, aliyelifungua wimbi hilo mwaka 2008 akiwa na prodyuza RedOne, alikuwa na tungo imara na haiba ya kuzibeba. "Poker Face" bado unasimama. Wengi waliomfuata walichukua kelele wakaiacha tungo.

Sweden, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa inafanya jambo tofauti. Ndugu wawili, Karin na Olof Dreijer, wakijiita The Knife, walitoa "Heartbeats", ambao melodi yake ya sintesaiza ni nyepesi na imeyumba makusudi. Robyn, aliyekuwa nyota tangu akiwa binti mdogo, hakuelewana na kampuni yake kuhusu mwelekeo, akaanzisha ya kwake mwaka 2005. "Dancing On My Own" wake wa 2010 ndio wimbo ninaompa mtu anayeniambia elektropopu ni muziki wa plastiki. Besi inadunda bila kupumzika, ngoma ni kavu, hakuna fidla ya kukuamuru ulie. Mwanamke amesimama kwenye kona ya klabu, anamtazama aliyempenda akiwa na mwingine, na hawezi kuondoka kwa sababu muziki bado unapigwa naye bado anacheza. Besi isiyosimama ndiyo ile ya ukumbini inayomshika pale, kwa hiyo mpangilio wa muziki na kisa chenyewe ni kitu kimoja. Nimeusikia ukiimbwa kwa gita pekee, polepole, kwa huzuni iliyowekwa mbele, na kila mara unakuwa wimbo mdogo zaidi.

Leo kompyuta ya kawaida ina sintesaiza nyingi kuliko studio nzima ya mwaka 1982. Grimes alitengeneza Visions ya 2012 kwa programu ya GarageBand, nyumbani kwake Montreal. Neema hiyo ni ya kweli, na imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kulipia saa moja ya studio. Lakini kazi zinazosimama bado zinarudi kwenye nidhamu ya zamani. SOPHIE, aliyefariki Januari 2021, alijulikana kwa sauti za ajabu kuliko zote za kizazi chake, za chuma, mpira na mapovu. Hakuwa akizichukua kwenye maktaba ya sauti zilizorekodiwa. Alizichonga kutoka mtetemo mtupu kwenye mashine ya Monomachine, kwa kufuata njia ile ile ya kichujio na vidhibiti niliyoieleza hapo juu. Ukisikiliza "Bipp" ya 2013 kwa makini utashangaa jinsi vitu vilivyomo ni vichache. Kuna mapengo makubwa ya ukimya kati ya sauti moja na nyingine.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni "Blinding Lights" wa The Weeknd, uliotoka Novemba 2019 na ambao mwaka 2021 Billboard iliutaja kuwa wimbo uliofanya vizuri kuliko wote katika historia ya chati yake ya Hot 100. Unakwenda mapigo 171 kwa dakika, kasi isiyo ya kawaida kwa popu. Wengi wanausifu kwa kuikumbusha miaka ya themanini, na wanaishia hapo. Mimi naona jambo la msingi zaidi: kile ambacho umati wote huimba, hata wasiojua neno moja la Kiingereza, ni mstari wa sintesaiza wa noti moja moja usio na maneno. Ni kazi ile ile ambayo Numan aliikabidhi Minimoog mwaka 1979.

Anayetaka kuingia kwenye muziki huu asianze na orodha ndefu. Achukue "I Feel Love", "Only You" na "Dancing On My Own", avae spika za masikioni, na mara ya kwanza asimsikilize mwimbaji kabisa. Aifuate besi tangu mwanzo hadi mwisho, ahesabu noti zake. Mara ya pili asikilize kinachotokea kati ya besi na sauti, mahali ambapo bendi ya kawaida ingeweka gita, na atakuta nafasi tupu, hasa katika "Only You". Mara ya tatu ndipo amsikilize mwimbaji, na atamsikia Moyet akivuta pumzi kabla ya mstari.